Kutafuta Hitilafu za Umeme katika Gari Kuukuu

Mwanafunzi yeyote aliyefika Kidato cha Tatu huweza kuitamka kanuni ya Ohm bila ya kusita: kwamba mkondo upitao katika kipitishio hulingana na volteji iliyopo baina ya ncha zake, mradi halijoto isibadilike. Georg Simon Ohm aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1827, na tangu hapo imeandikwa katika mbao za madarasa ya dunia nzima. Lakini mwanafunzi huyo huyo akisimamishwa mbele ya gari lililokataa kuwaka, mara nyingi atatenda kama mtu asiyewahi kuingia darasani. Atatikisa nyaya, atapigapiga betri, kisha atakwenda kuwaita wenzake walisukume. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi kanuni ile ya ubaoni inavyoweza kutumiwa chini ya boneti, kwa vifaa vya bei ndogo, na hasa katika gari kuukuu ambalo mwenyewe hana fedha za kulinunulia vipuri kwa kubahatisha.

Gari kuukuu, kwa kweli, ni chombo bora cha kufundishia kuliko gari jipya. Magari ya siku hizi yana vidhibiti vya kielektroniki visivyoonekana kwa macho, na fundi hulazimika kuviuliza kwa mashine maalumu. Katika gari lililotengenezwa miaka ya 1970 kila waya huonekana mahali unapoanzia na mahali unapoishia. Kila swichi ni swichi, na kila taa hujitegemea. Mwenye subira, taa moja ya majaribio na kipimo cha volti aweza kufuata njia ya umeme kama mtu afuataye mfereji shambani mpaka alione tundu linalovujisha maji.

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna karibu mambo yote ninayotaka kuyasema.

Shule moja ya sekondari mkoani Tanga, isiyo mbali na bahari, ina Land Rover Series III ya petroli. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, na hivyo hata lile lililo changa kuliko yote limekwisha kuvuka umri wa walimu wengi wanaolipanda. Kwa shule hiyo gari hilo ndilo lori la unga, ndilo basi la wachezaji, na usiku ndilo gari la wagonjwa. Mwalimu wa fizikia wa hapo aliwahi kuwa mwanafunzi wangu chuoni. Aliniandikia kwamba gari lilikuwa likigoma kuwaka, na kwamba usiku mmoja wavulana wa bwenini walilazimika kulisukuma hadi kwenye mteremko huku mwenzao mwenye malaria kali akiwa amelazwa ndani. Fundi aliyeitwa alisema betri imekufa. Betri ikanunuliwa, na baada ya majuma mawili gari likagoma tena. Fundi wa pili akasema altaneta haichaji, nayo ibadilishwe, na pengine stata pia. Fedha pekee zilizokuwapo ni zile zilizotengwa kwa kemikali za maabara. Mwalimu aliniuliza swali moja tu: je, tununue?

Nilimjibu kwamba asinunue kitu mpaka nifike, na kwamba wanafunzi wake wa Kidato cha Tatu wawepo.

Kabla ya kusimulia tulichokiona, hapana budi kueleza jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Katika michoro ya vitabu kila sakiti huwa na nyaya mbili, mmoja wa kwendea na mmoja wa kurudia. Katika gari waya wa kurudia haupo. Upande wa hasi wa betri hufungwa kwenye chuma cha gari lenyewe, yaani chesisi, bodi na injini, na mkondo hurudi kwenye betri kwa kupitia chuma hicho. Mafundi wetu huiita njia hiyo ethi, ingawa haina uhusiano wowote na ardhi; gari linakaa juu ya mipira. Utaratibu huu hupunguza nyaya kwa karibu nusu, lakini una udhaifu wake. Waya wa kwendea umefunikwa kihami na kulindwa, ambapo njia ya kurudia imeachwa kwenye boliti zilizo wazi, zinazopata matope, mvua, kutu na chumvi. Nami nathubutu kusema, baada ya miaka mingi ya kuchungulia magari yangu na ya rafiki zangu, kwamba katika gari kuukuu hitilafu nyingi za umeme haziko katika kifaa kinacholaumiwa. Ziko katika viungo, na zaidi katika viungo vya ethi.

Katika Land Rover tatizo hili lina sura ya pekee. Gari hilo lilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma cha pua, kwa hiyo bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, na chesisi kwa chuma. Alumini na chuma vikigusana mahali penye unyevu na chumvi hufanya betri ndogo isiyotakiwa, ambamo alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaoonekana chini ya boliti za taa za nyuma ni zao la betri hiyo, nao ni kihami kizuri sana. Mwalimu wa kemia aweza kuutumia mfano huu katika somo la mfululizo wa utendaji wa metali, wala hatahitaji kununua chochote.

Tukaanza na betri, maana pasipo betri yenye chaji vipimo vyote huwa vya uongo. Betri ya gari ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1, hivyo betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa huonyesha kiasi cha volti 12.6. Ikionyesha 12.2 imebakiza karibu nusu ya chaji yake; ikishuka hadi 11.8 ni tupu. Betri ya shule, iliyokuwa imechajiwa mjini siku iliyotangulia, ilionyesha 12.4. Palikuwa na haidromita katika maabara, nasi tukaitumia. Hapa kinachotazamwa zaidi ni tofauti baina ya seli na seli, kuliko kipimo chenyewe. Seli moja ikipungukiwa kwa zaidi ya 0.05 kuliko wenzake, betri hiyo ina ugonjwa ambao kuchaji hakutauponya. Zote sita zilikaribiana.

Kisha tukauondoa waya mwembamba wa koili ili injini isiwake, gia tukaiweka huru, na breki ya mkono ikavutwa. Mwanafunzi mmoja alizungusha ufunguo huku mwingine akisoma kipimo kwenye vichwa vya betri. Stata iliguna, ikazunguka kwa uvivu, ikasimama. Kipimo kilishuka hadi volti 11.3 tu.

"Betri ni nzima kabisa, Mwalimu," akasema msichana aliyekuwa akisoma. "Haikushuka sana."

Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilificha swali kubwa zaidi. Stata ya injini kama ile ikizunguka kwa nguvu huweza kunywa mkondo wa ampea 200 hivi. Mkondo mkubwa namna hiyo ungeivuta betri hadi kwenye volti 10 na kidogo. Ikiwa betri haikushuka sana, basi mkondo uliotoka haukuwa mkubwa. Na ikiwa haukuwa mkubwa ilhali stata inadai, basi pana ukinzani mahali fulani unaouzuia. Swali likawa: wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya, na namwomba msomaji asipite haraka. Kwa mujibu wa kanuni ya pili ya Kirchhoff, ya mwaka 1845, volti zote zinazotolewa na betri lazima zitumike zote katika mzunguko, hapana hata moja inayopotea. Basi tulichohitaji ni kuigawa njia nzima vipande vitatu, na kupima kila kipande kimekula volti ngapi wakati mkondo ukipita. Kipande cha kwanza ni kutoka kichwa cha chanya cha betri hadi boliti kubwa ya stata, yaani waya mnene na swichi yake. Cha pili ni stata yenyewe, kutoka boliti hiyo hadi kwenye mwili wake. Cha tatu ni njia ya kurudia, kutoka mwili wa stata, ulioshikamana na injini, hadi kichwa cha hasi cha betri. Wanafunzi walipima kimoja kimoja, kila mara ufunguo ukizungushwa kwa sekunde chache tu ili stata isiungue. Waliandika ubaoni: 0.5, 5.6, 5.2. Jumla yake ni 11.3, sawasawa na betri. Darasa lilipiga makofi, na mimi nilifurahi kuliko wao, maana vipimo vya gari havijumuiki vizuri namna hiyo kila siku.

Tazama basi vile tarakimu zinavyosema. Stata iliyopaswa kupata karibu volti 10 ilikuwa ikipata 5.6. Waya wa chanya ulikula nusu volti, kiasi kinachovumilika. Lakini njia ya kurudia, ambayo ni chuma kitupu na ambayo hupaswa kula si zaidi ya volti 0.5, ilikuwa ikila 5.2, karibu sawa na stata yenyewe. Tukikadiria mkondo kuwa ampea 100, ukinzani wa njia hiyo ni omu 0.052. Ukinzani huo ni mdogo mno hata multimeta ya kawaida ikiulizwa moja kwa moja haiwezi kuuona. Itasoma sifuri na kidogo, na fundi ataapa kwamba waya ni mzima. Lakini volti 5.2 zikizidishwa kwa ampea 100 ni wati 520, yaani nusu ya joto la pasi ya umeme. Joto hilo lazima litokee mahali.

Dereva wa shule, mzee mtaratibu aliyekuwa amesimama kando wakati wote huo, ndipo akasema: "Mwalimu, samahani. Hii choki huwa inaniunguza vidole nikiwasha. Nilimwambia fundi, akacheka."

Tukaishika. Ilikuwa ya moto, na plastiki iliyofunika waya wake ilikuwa imeanza kulainika. Mzee yule ndiye aliyeitambua hitilafu, na alikuwa ameitambua miezi kabla yetu sote. Injini ya gari hukaa juu ya vikalio vya mpira ili mtikisiko wake usifike kwa abiria. Mpira ni kihami. Kwa hiyo watengenezaji hufunga mkanda wa shaba iliyosukwa, kutoka kwenye injini au giaboksi hadi kwenye chesisi, uwe daraja la mkondo. Tulipolala chini ya gari tuliukuta mkanda huo umekatika, nyuzi zake zimegeuka kijani. Mkondo wa stata, ukiwa umekosa daraja, ulikuwa ukirudi kwa kupitia waya mwembamba wa choki na vyuma vingine vidogo vinavyoiunganisha injini na bodi kwa bahati tu.

Altaneta nayo je? Nayo imefungwa kwenye injini, na mkondo wake wa kuchaji lazima urudi kwa njia ile ile. Tulipoisukuma gari na injini ikawaka, altaneta ilitoa volti 14.2 baina ya ncha yake na mwili wake, kiasi kinachofaa kabisa, kwa sababu kipimo kizuri ni baina ya 13.8 na 14.4. Lakini kwenye vichwa vya betri zilifika 12.8 tu. Volti 1.4 ziliishia njiani. Betri mpya ilikuwa ikifa njaa mbele ya chakula, altaneta nzima ikasingiziwa, na stata nzima ikahukumiwa pamoja nayo. Vifaa vitatu vilikuwa vinanunuliwa kwa ajili ya mkanda mmoja.

Mkanda wenyewe hatukuununua dukani. Mchomeleaji wa karibu alitupa kipande cha nusu meta cha waya wa mashine yake ya kuchomelea, wenye shaba ya milimeta za mraba 25. Ukinzani mahsusi wa shaba ni 1.7 × 10⁻⁸ omu-meta. Mwanafunzi atafute mwenyewe ukinzani wa kipande hicho, ataona ni omu 0.00034, na kwamba ampea 200 zikipita zitapoteza volti 0.07 tu. Kisha afanye hesabu hiyo hiyo kwa waya wa taa wa milimeta za mraba 2.5, naye ataelewa kwa nini sikuwaruhusu kutumia waya uliokuwa karibu. Ungepoteza volti 0.68 na kutoa joto la wati 136, na kihami chake kingeyeyuka. Tulibana ncha zake, tukakwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, tukakaza, na kupaka grisi juu, si chini. Tulipopima tena betri ilishuka hadi 10.3, waya wa chanya, baada ya viungo vyake kusafishwa, ulikula 0.5, stata ikapata 9.6, njia ya kurudia ikala 0.2. Injini iliruka mara ya kwanza ilipoguswa. Fedha za kemikali zikabaki kabatini.

Sasa niseme neno juu ya vifaa, na hapa sina budi kujishtaki. Niliporudi nchini na shahada ya uzamivu nilinunua gari lililokwisha kutumika na watu wengi kabla yangu. Siku moja likazima njiani. Nilitoa voltimeta yangu nzuri ya kidijitali, niliyoileta kutoka ng'ambo, nikachomoa waya wa pampu ya petroli na kupima: volti 12.4. Umeme unafika, nikasema, basi pampu imekufa. Nikanunua pampu. Gari halikuwaka. Kijana mmoja wa chini ya mwembe, ambaye chombo chake pekee kilikuwa balbu ndogo iliyotiwa nyaya mbili, akaigusisha balbu pale pale nilipopima, nayo haikuwaka. "Hapa hakuna moto, mzee," akaniambia, na alikuwa na haki.

Maelezo yake ni haya. Voltimeta ya kidijitali ina ukinzani wa ndani wa takriban omu milioni 10. Tuseme kiungo kilichooza kimeweka ukinzani wa omu 1,000 njiani. Kwa voltimeta omu elfu moja mbele ya milioni kumi si kitu, nayo itasoma volti 12.399. Lakini balbu ya wati 5 ina ukinzani wa omu 29 hivi ikiwa imewaka. Ikifungwa mfululizo na omu 1,000 mkondo utakuwa milampea 12 tu, nayo haitatoa hata wekundu. Voltimeta hupima bila ya kudai chochote, na njia isiyodaiwa huonekana nzima. Balbu hudai. Kwa hiyo kanuni ni kupima wakati mkondo unapita na kifaa kikiwa kimefungwa mahali pake, au kutumia taa ya majaribio. Taa hiyo ni balbu ya volti 12 na wati 5, kishikizo chake, meta mbili za waya, kibanio chenye meno upande mmoja na msumari uliochongwa upande wa pili. Shule yoyote yaweza kutengeneza kumi kwa alasiri moja.

Taa za mbele zilizofifia ni mfano mzuri wa kuendeleza somo. Balbu ya wati 60 kwa volti 12 huchukua ampea 5, na ukinzani wake ikiwa ya moto ni omu 2.4. Weka mbele yake kiungo chenye omu 0.4 tu. Mkondo utashuka hadi ampea 4.3, na balbu itapata volti 10.3. Msomaji atadhani upungufu wa asilimia 14 si mkubwa. Lakini mwanga wa balbu ya uzi wa tangsteni haushuki sambamba na volteji; huporomoka, karibu kwa kipeo cha 3.4, kwa sababu uzi uliopoa kidogo hutoa nishati yake kwa wingi zaidi katika joto lisiloonekana. Kwa hesabu hiyo mwanga unaobaki ni asilimia 60. Dereva anayelalamika kwamba haoni ng'ombe barabarani usiku huenda anahitaji msasa wa shilingi chache tu nyuma ya taa, wala si balbu mpya.

Zipo pia hitilafu za kuchekesha. Unakanyaga breki, na indiketa inawaka kwa unyonge. Unawasha indiketa, na taa ndogo za nyuma zinacheza ngoma. Watu husema nyaya zimechanganyika. Kwa kawaida hazikuchanganyika. Ethi ya kundi la taa za nyuma imekatika, basi mkondo wa taa moja, usipoona njia ya kurudi nyumbani, huingia kinyumenyume katika uzi wa taa jirani na kupata ethi ya mbali. Taa mbili zimekuwa mfululizo bila ya ruhusa, na kila moja hupata sehemu tu ya volti zake. Chukua waya mrefu kutoka hasi ya betri, ugusishe kwenye kishikizo cha taa hizo. Mchezo ukikoma hapo hapo, hitilafu imepatikana.

Fyuzi inayoungua kila inapobadilishwa huwaingiza watu katika dhambi mbaya, nayo ni kuweka kipande cha waya au karatasi ya fedha ya sigara mahali pake. Magari yameteketea kwa sababu hiyo. Badala yake toa fyuzi, na mahali pake ufunge balbu ya wati 21, kama ile ya indiketa. Zima vifaa vyote vya sakiti hiyo. Ikiwa waya umegusa chuma, balbu itawaka kwa nguvu zake zote, lakini haitaruhusu zaidi ya ampea 1.75 kupita, kiasi kisichoweza kuunguza kitu. Sasa tembea na waya, ukiuinua, ukiupinda, ukichomoa kiungo kimoja kimoja. Mahali balbu inapozimika ndipo mahali pa jeraha. Mara nyingi ni pale waya unapopita katika tundu la chuma ambalo mpira wake umekauka na kuanguka.

Betri inayokufa usiku gari likiwa limesimama huchunguzwa kwa njia inayofanana. Ondoa waya wa hasi, na baina ya waya huo na kichwa cha betri funga taa ya majaribio huku kila kitu kikiwa kimezimwa. Katika gari la zamani lisilo na redio wala saa, haipaswi kuwaka. Ikiwaka, toa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka izimike. Ikiwa fyuzi zote zimetoka na bado inawaka, chomoa altaneta, maana dayodi iliyopasuka hurudisha mkondo kinyume usiku kucha. Taa ndogo ya wati 5 iliyosahauliwa ndani ya kabati la gari hunywa ampea 0.4, nayo itamaliza betri ya ampea-saa 60 kwa muda wa siku sita, na kuidhoofisha kabla ya hapo.

Kuhusu rangi za nyaya, magari ya Uingereza ya wakati huo yalifuata utaratibu mmoja unaofaa kukaririwa. Kahawia hutoka moja kwa moja kwenye betri bila ya fyuzi, nao ndio wa kuogopwa. Nyeupe hutoka kwenye swichi ya ufunguo. Kijani ni huo huo baada ya kupita fyuzi. Zambarau una fyuzi na una moto wakati wote. Nyekundu ni wa taa ndogo, buluu wa taa kubwa, nyeusi wa ethi. Lakini gari lililopita mikononi mwa mafundi watano litakuwa na nyaya za rangi zilizopatikana siku ile, kwa hiyo rangi iaminiwe baada ya kupimwa.

Mwalimu atakayewaingiza wanafunzi katika kazi hii azingatie mambo machache. Wavue pete na saa. Waya wa hasi ufunguliwe kwanza na kurudishwa mwisho, maana spana inayofungua chanya ikigusa chuma cha gari wakati hasi imefungwa itatoa cheche za kutisha, na betri iliyokuwa ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Asidi ya betri ikimwagikia ngozi ioshwe kwa maji mengi mara moja. Betri iliyopungukiwa iongezwe maji yaliyokenekwa, kamwe isiongezwe asidi. Na gari lenye altaneta lisichomolewe betri injini ikiwa inawaka, ingawa utawaona watu wengi wakifanya hivyo ili kupima kama inachaji. Volteji hupanda ghafula na dayodi hufa.

Land Rover ya shule bado ina ila moja tuliyoiacha makusudi. Kipimo chake cha petroli husoma tupu hata tangi likijaa. Waya unaotoka katika kipimo hicho kwenda kwenye tangi ni kijani chenye mstari mweusi, na ndani ya tangi mna ukinzani unaopungua kadiri mafuta yanavyopanda. Mwalimu aliwapa wanafunzi zoezi hili: ufunguo ukiwa umewashwa, waya huo uchomolewe kutoka kwenye kichwa chake juu ya tangi na kugusishwa kwa muda mfupi kwenye chuma safi cha chesisi, mbali na mdomo wa tangi na mvuke wa petroli. Mshale ukipanda pole pole kuelekea kujaa, hitilafu iko upande gani wa waya, na ni kiungo gani kipimwe kwanza?